Lisbon, Ukoo wa Kisiwani: gumzo la kikundi cha safari

Jumanne

Zuhura (Leicester): Asalaam alaykum wote. Tiketi za wengi zimeshakatwa. Nikaha ya Mwanaidi ni Jumamosi ya wiki ijayo baada ya adhuhuri, Msikiti Mkuu wa Lisbon, ule ulio karibu na Praça de Espanha. Walima Jumapili jioni kwa akina bwana harusi, Odivelas. Jumatatu hatuna shughuli, ndege ni Jumanne. Sasa hiyo Jumatatu sitaki mtu alale hotelini wala azurure madukani. Tunautembea mji. Nimepanga hivi, someni mpaka mwisho.

Asubuhi treni kutoka Cais do Sodré hadi Belém. Tunaanza na Mosteiro dos Jerónimos, ile nyumba ya watawa aliyoijenga Mfalme Manuel. Kisha Mnara wa Belém pale mtoni, kisha lile jengo la mabaharia, Padrão dos Descobrimentos. Mchana tunarudi Praça do Comércio, jioni tunapanda Castelo de São Jorge tukaone jua linavyozama. Kila mtu aweke euro 20 kwangu za nauli na viingilio, kitakachobaki nitarudisha. Andikeni majina hapa chini.

1. Zuhura

Nasra (Muscat): 2. Nasra na watoto

Zuhura (Leicester): Watoto wangapi Nasra, wa umri gani? Andika vizuri, kuna viingilio vya bure kwa wadogo.

Zuhura (Leicester): Jamani. Mmesoma wote, naona. Majina mawili tu?

Faki (Dar): Shangazi shikamoo. Hiyo treni ya Belém inapita kando ya maji? Nataka niilinganishe na SGR yetu

Zuhura (Leicester): Marahaba. Inapita kando ya mto. Jina lako liko wapi Faki?

Mama Tatu (Tanga): Mimi naja inshaallah. Ila nauliza, safari hii kuna mtu wa kuhesabu watu kabla ya gari kuondoka?

Faki (Dar): Imeanza

Mama Tatu (Tanga): Haijaanza, haikuwahi kwisha. Na ile elfu hamsini yangu hadi leo sijaiona.

Zuhura (Leicester): Dada, ya safari ya Bagamoyo tuliyazungumza mbele ya Babu.

Mama Tatu (Tanga): Mliyazungumza nyinyi. Mimi ndiye niliyebaki Kaole juani na sufuria.

Faki (Dar): Sufuria lile lilifika salama lakini 😂😂

Jumatano

Rehema (Lisbon): Shikamooni wakubwa zangu. Nilikuwa na mtihani jana. Shangazi Zuhura, Jumatatu Jerónimos imefungwa. Mnara wa Belém vilevile. Makumbusho mengi ya serikali hapa hufunga Jumatatu. Kasri la São Jorge ndilo hufunguliwa kila siku. Na pale Carmo, kinyume chake, wao hufunga Jumapili, kwa hiyo Jumatatu mnaingia.

Zuhura (Leicester): Basi Belém tutaiona kwa nje, Carmo tutaiweka mchana. Ratiba inabaki.

Rehema (Lisbon): Kwa nje yapo ya kuona, shangazi. Mnara ulianzwa 1514 kuulinda mlango wa mto, na chini ya kibanda kimoja cha walinzi pana kichwa cha kifaru cha jiwe, kimeliwa na upepo na chumvi hadi pembe haionekani. Wanakihusisha na kifaru aliyeletwa hapa hai kutoka India 1515. Lakini kuna kitu hakimo kwenye ratiba, na mimi ningeanza nacho. Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes. Ndani kuna chombo cha ibada cha dhahabu kinaitwa Custódia de Belém. Ni dhahabu ya Kilwa. Vasco da Gama alipofika kwetu 1502, safari yake ya pili, alimtisha Amiri Ibrahimu, mtawala wa Kilwa, kwa mizinga mpaka akakubali kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile Mfalme Manuel akampa sonara Gil Vicente, kikamalizika 1506. Si masimulizi haya, wenyewe wameyaandika kwenye kitako cha chombo, maneno yamezunguka pande zote: mfalme aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina wameliandika QVILVA. Nilizunguka kile kioo kulifuata neno kwa neno mpaka nikalikuta. Katikati mitume kumi na wawili wamepiga magoti, wamepakwa rangi, kila mmoja na sura yake.

Rehema (Lisbon): Jumatatu nako kumefungwa. Ingebidi iwe siku nyingine.

Faki (Dar): Rehema, vile vitumbua vya Wareno vinapatikana huko Belém au mpaka mjini?

Rehema (Lisbon): Pastéis de nata. Duka la Belém linavioka tangu 1837, liko hatua chache kutoka Jerónimos. Foleni yake ndefu.

Nasra (Muscat): Havina nguruwe?

Rehema (Lisbon): Kuna waokaji wanaotia mafuta ya nguruwe kwenye unga. Ulizeni kwanza kila duka.

Faki (Dar): Basi mimi nitakuja na vya Mama Tatu kwenye begi. Vya mchele

Mama Tatu (Tanga): Uje uvifuate mwenyewe Tanga.

Mjomba Omari (Mombasa): Nimeona jina la Vasco da Gama. Huyo Mombasa tulimjua mapema, Aprili 1498, hakupata raha hapa akaondoka. Akapokewa Malindi kwa ngoma na kupewa rubani wa kumfikisha India. Waulizeni watu wa Malindi.

Shemeji Aisha (Malindi): Shikamoo mjomba. Ugomvi ulikuwa wa sultani wenu na wetu, msitusingizie 😂 Na nguzo yake tumemtunzia, watalii wanalipa

Mjomba Omari (Mombasa): Marahaba. Nguzo mmeitunza, na 1505 wakarudi na manowari, wakaiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Sisi tukaishia kuwa na Fort Jesus.

Shemeji Aisha (Malindi): Ambayo nayo watalii wanalipa

Zuhura (Leicester): Jamani MAJINA. Mjomba Omari, unakuja au unachangia historia? Nisamehe lakini nahitaji hesabu.

Alhamisi

Zuhura (Leicester): Ukumbusho. Viatu vya raba, si vya harusi. Lisbon ni vilima na njia zake ni vijiwe vinavyoteleza. Tramu namba 28 tunaipanda asubuhi mapema au tunaiacha, wezi wa mifukoni wanaipenda.

Nasra (Muscat): Rehema, hiyo Carmo ni nini? Mwanangu wa kwanza anauliza.

Rehema (Lisbon): Kanisa lisilo na paa. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 lililiangusha. Ilikuwa sikukuu yao ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani na mishumaa imewashwa, kwa hiyo baada ya tetemeko mji ukashika moto. Walioukimbia moto na kuta wakaenda ukingoni mwa mto penye uwazi, na mawimbi yakawafuata hukohuko. Praça do Comércio mtakaposimama Jumatatu palikuwa na kasri la mfalme, na Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya huku kwetu na India. Havikubaki. Ndiyo maana mitaa ya Baixa imenyooka, Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, aliijenga upya yote. Ndani ya kuta waliweka fremu za mbao zilizopishana ili nyumba ikitikiswa isimwage mawe. Carmo waliiacha, matao yamesimama juu hakuna kitu, mvua inanyesha ndani.

Nasra (Muscat): Subhanallah. Tutakwenda. Watoto watatu, 12, 9 na 4.

Hamisi (Rotterdam): 3. Hamisi. Ndiyo nasoma sasa, nilikuwa zamu. Nyongeza: kuna mtaa unaitwa Rua do Poço dos Negros. Manuel huyuhuyu wa dhahabu, 1515 aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, maana walikuwa wakitupwa ovyo na mji unanuka. Tukipanga kutembea, tupite pale na Fatiha isomwe. Huenda wamo waliotoka pwani yetu.

Hamisi (Rotterdam): Na Bagamoyo mimi ndiye niliyehesabu watu. Walitimia. Mama Tatu alishuka tena.

Mama Tatu (Tanga): Nilishuka kufuata sufuria ambalo nyinyi wanaume mmeliacha!

Zuhura (Leicester): Nawaomba. Nawaomba.

Ijumaa

Faraji (Kilwa Masoko): Asalaam alaykum. Babu amesomewa kila kitu kuanzia juu. Amesema niandike anavyotamka, nisipunguze.

"Zuhura mwanangu, kazi yako naiona, Mungu akulipe. Harusi ni ya Mwanaidi, iwe ya furaha. Bi Mama Tatu, lile la Bagamoyo nililiamua, nikasema elfu hamsini irudi. Ikiwa haikurudi nipigiwe simu niambiwe ni nani aliyeikalia. Si hapa. Sasa dhahabu. Mimi tangu mtoto navuka kwenda Kisiwani, Msikiti Mkuu nimeuona kuta zake zikipungua. Wageni wanakuja kutoka Ulaya, wanapapasa matumbawe, wananiuliza utajiri wa mji huu ulikwenda wapi. Mimi huwajibu. Rehema ameingia peke yake akalisoma jina letu, nanyi mnaulizana vitumbua. Haiwezekani ukoo mzima ufike Lisbon, upande vilima, ule ushibe, urudi, na usiingie kuitazama. Mwende wote, na watoto wasomewe jina lile. Kaburi la Vasco da Gama liko huko kwenye kanisa la Jerónimos, anayetaka kuliona akalione. Picha ya mtu wangu anacheka mbele yake nisiletewe. Nimemaliza."

Nasra (Muscat): Tumesikia Babu.

Mjomba Omari (Mombasa): Tumesikia mzee.

Faki (Dar): Shikamoo Babu. Tumesikia.

Mama Tatu (Tanga): Ahsante Babu. Nitapiga.

Hamisi (Rotterdam): Nitapiga mimi pia, Babu.

Jumamosi

Zuhura (Leicester): Haya. Jumatatu makumbusho imefungwa, Jumamosi nikaha. Imebaki Jumapili asubuhi kabla ya walima. Wanafungua saa nne. Tukutane mlangoni Janelas Verdes saa nne kasorobo, saa sita tumetoka. Jerónimos tunaiacha. Carmo, kasri na huo mtaa wa Hamisi vinabaki Jumatatu. Rehema, utatuongoza na kutusomea hayo maneno?

Rehema (Lisbon): Nitawasomea shangazi. Ila mama yake Mwanaidi alisema Jumapili wanawake wote wafike Odivelas asubuhi kusaidia jikoni.

Zuhura (Leicester): Amesema wote?

Rehema (Lisbon): Wote.

Mjomba Omari (Mombasa): Waende wanaume na watoto.

Nasra (Muscat): Mjomba, Babu amesema wote. Na mimi nimetoka Muscat, siendi kukaa jikoni halafu nihadithiwe.

Hamisi (Rotterdam): Wanaofika Alhamisi waende Ijumaa, baada ya swala. Mimi nafika Ijumaa usiku, nitakwenda Jumapili.

Zuhura (Leicester): Makundi mawili sitaki. Tukigawanyika hatukutani tena, mnajuana. Ngoja nizungumze na mama yake Mwanaidi usiku huu.

Zuhura (Leicester): Na euro 20 zimeingia za watu wawili tu.

Mama Tatu (Tanga): Yangu nitampa Rehema mkononi.

Jumapili

Zuhura (Leicester): Nimezungumza naye. Hajakataa. Anasema sambusa zikaangwe Jumamosi usiku, tukimaliza hizo yeye hana neno tukitoka asubuhi. Nataka watu sita wa kukunja na wawili wa kukaanga. Majina.

Faki (Dar): 4. Faki, kwenye orodha ya makumbusho

Shemeji Aisha (Malindi): Ni sambusa ngapi kwanza?