Ulinganisho: warsha za vitendo au mihadhara, ni kipi kinachomkuza zaidi mpiga picha klabuni?

Mwanzishaji wa Mada

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Huu ni mwezi wangu wa tano tangu nijiunge na klabu ya wapiga picha, na ningependa ushauri wa waliotangulia. Vikao vyetu ni vya namna mbili. Kuna warsha za vitendo, ambazo huchukua nusu siku na hupokea watu wachache, na kuna mihadhara ya jioni, ambapo mpiga picha mwalikwa huonesha kazi zake kwa saa moja na nusu hivi, kisha akajibu maswali. Majukumu yangu yananiruhusu kuhudhuria kikao kimoja tu kwa mwezi.

Kamera ninaimudu kiasi. Najua kwamba nikitoka kwenye kasi ya shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) ya 1/60 ya sekunde kwenda 1/125 mwanga unapungua kwa nusu, na najua kufungua tundu la lenzi ili yaliyo nyuma ya mtu yafifie. Kinachonisumbua ni kwamba picha zangu za leo hazina tofauti na za mwezi wa kwanza: ni kali bila ukungu, mwanga umekaa sawa, lakini mtu akizitazama hana la kusema. Kwa aliye katika hali kama yangu, nafasi hiyo moja ya mwezi ingemfaa zaidi wapi?

Taa Moja

Ndugu, karibu sana katika fani. Mimi ningekushauri uende kwenye warsha, kwa sababu yapo mambo ambayo hayaingii kichwani mpaka yapitie mkononi kwanza. Nitatoa mfano wa warsha moja ya mwanga niliyohudhuria. Vifaa havikuwa vingi: chumba chenye mapazia mazito, balbu moja iliyo wazi juu ya stendi, kiti, na ukuta wa kijivu uliokuwa mita 3 kutoka kwenye balbu. Mwalimu alimketisha mwenzetu mita 1 kutoka kwenye balbu, akatuambia tupime mwanga wa uso kisha tupige. Baadaye akakisogeza kiti hadi mita 2, tukapima upya, tukapiga tena. Kwa kuwa kila mara tulipima uso na kuirekebisha kamera kufuata kipimo, uso ulitoka na mwangaza uleule katika picha zote mbili. Kilichobadilika ni ukuta. Katika picha ya kwanza ulikuwa karibu mweusi; katika ya pili ulionekana wazi, hata ufa mwembamba uliokuwa kwenye kona ukaonekana.

Kanuni yenyewe nilikuwa nimeisoma miaka mingi: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga wa balbu kama ile hubaki robo. Kwa hesabu hiyo ukuta ulipata sehemu moja ya tisa ya mwanga wa uso katika picha ya kwanza, na karibu nusu yake katika ya pili. Hata hivyo, nilikuwa sijawahi kuitumia, kwa maana sikujua kwamba inahusu ukuta. Tangu siku ile, kila ninapoingia chumbani na kamera, ninajua kwamba naweza kuyatia giza yaliyo nyuma ya mtu au kuyaacha yaonekane kwa kusogeza kiti tu. Uwezo wa kuchagua ndio ninaouita ubunifu, na niliupata kwa kushika kiti chenyewe.

Fremu ya 36

Aliyoyasema Taa Moja ni kweli tupu, na mfano wake nimeufurahia. Ila mwanzishaji wa mada ameeleza wazi kwamba tatizo lake haliko kwenye kamera wala kwenye mwanga, na ndiyo maana mimi ningemwelekeza kwenye mihadhara, hasa ile ambayo mzungumzaji yuko tayari kuonesha kazi yake ikiwa bado mbichi.

Mhadhara ulionibadilisha mimi ulihusu picha moja tu. Mzungumzaji alikuwa na picha inayopendwa sana ya mikono ya fundi viatu ikivuta uzi, na sisi tulitarajia atueleze lenzi aliyotumia. Badala yake akaweka kwenye skrini karatasi nzima yenye fremu zote 36 za filamu ile, zikiwa ndogondogo, kwa mpangilio uleule aliozipiga. Fremu 8 za mwanzo zilipigwa kutoka upande wa pili wa barabara, na kusema kweli zilikuwa picha za kawaida kabisa, za aina ambayo hata mimi ningepiga. Kisha akavuka. Fremu kadhaa zilizofuata fundi anaitazama kamera, amekakamaa, na ukimtazama unaona kwamba wanazungumza. Kuanzia fremu ya 19 fundi amerudi kwenye kazi yake na mpiga picha ameinama chini. Picha tuliyoijua ilikuwa fremu ya 27, na baada ya hiyo bado aliendelea kupiga hadi filamu ikaisha.

Mtu mmoja akauliza kwa nini hakuchagua fremu ya 26, ambayo ilikuwa kali zaidi. Jibu lilichukua karibu dakika kumi. Alituonesha kwamba katika ya 26 uzi umelegea, na katika ya 27 umekazwa hadi unaonekana kama mstari uliochorwa kwa rula, kwa hiyo jicho linapita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine bila kusimama. Kabla ya jioni ile nilikuwa napiga fremu 3 au 4 za jambo fulani kisha naondoka, nikidhani kwamba wenye vipaji huiona picha papo hapo. Sasa najua kwamba wanapita kwenye picha dhaifu zilezile ninazopiga mimi, tofauti ikiwa kwamba wao hawaondoki.

Shata ya Polepole

Naomba kutoa tahadhari kuhusu warsha, maana zote si sawa. Niliwahi kuhudhuria moja ambayo tulikuwa zaidi ya 20, mwanamitindo akiwa mmoja, taa zikiwa zimeshapangwa tangu asubuhi, na mwalimu akatutajia hata kasi ya shata na tundu la lenzi tutakalotumia. Nilirudi na picha nzuri sana. Wiki iliyofuata tulipozikusanya, hatukuweza kutambua ipi ni ya nani, na mimi mwenyewe niliidai picha ya mtu mwingine nikidhani ni yangu. Nilikuwa nimelipa ili kubonyeza kitufe tu katika picha ya mwalimu, na iliniuma kwa sababu nilikuwa nimeisubiri siku ile kwa hamu kubwa.

Kabla ya kujiandikisha, uliza mambo matatu: mtakuwa wangapi, nani atakayepanga mwanga, na kama kutakuwa na kikao kingine cha kutazama picha mlizopiga. Hilo la tatu ndilo ninalolipa uzito zaidi.

Mkongwe wa Klabu

Nimefuatilia michango yote kwa makini, na ninafurahi kwamba Shata ya Polepole amegusia jambo ambalo wengine wamelipita. Kati ya warsha na mhadhara kipo kikao cha tatu, ambacho klabu nyingi hukiweka mwishoni mwa ratiba kana kwamba hakina uzito: kikao cha kutathmini picha za wanachama. Mimi ningekitanguliza.

Historia ya fani yetu inaniunga mkono. Mwaka 1963 wapiga picha weusi wa New York waliunda umoja walioupa jina la Kamoinge, neno la Kikuyu lenye maana ya watu wanaotenda jambo kwa pamoja, na mkurugenzi wao wa kwanza alikuwa mpiga picha Roy DeCarava. Walikuwa wakikutana, kila mmoja akileta kazi yake, na kuambiana ukweli bila kuoneana haya. Hawakuwa na mwalimu anayewapangia taa, bali kila mmoja alikuwa mwalimu wa mwenzake, na umoja huo ungali hai hadi leo. Kabla yao, mwaka 1933, msanifu wa majarida Alexey Brodovitch alianzisha Philadelphia madarasa yake yaliyoitwa Maabara ya Usanifu, ambayo baadaye aliyahamishia New York. Utaratibu wake ulikuwa kutoa zoezi, kuwaacha wanafunzi waende zao wakahangaike nalo, kisha kukaa na kazi walizoleta. Richard Avedon, mpiga picha maarufu wa mitindo na sura za watu, alipita mikononi mwake. Diane Arbus, mpiga picha mwingine maarufu wa sura za watu, naye alifika kwake lakini hakupata alichokitafuta. Alikipata kwa mpiga picha na mwalimu Lisette Model, katika miaka ya 1950. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa kuwa mwalimu aliyemfaa mwenzako huenda asikufae wewe, na hilo si kosa la yeyote kati yenu.

Sasa, tathmini inayojenga ina adabu yake. Katika klabu yetu mwenye picha hunyamaza kwanza. Wenzake husema wanachokiona: jicho lao limeanzia wapi, limekwenda wapi, limekwama wapi. Hakuna anayeruhusiwa kusema kwamba picha ni nzuri au mbaya katika dakika 5 za mwanzo. Mwenye picha hueleza nia yake mwishoni kabisa, na mara nyingi hapo ndipo hugundua kwamba kile alichokusudia kimebaki kichwani mwake na hakikuingia kwenye fremu. Nimewaona watu wazima wakikaa kimya kwa muda mrefu baada ya ugunduzi huo, kisha mwezi unaofuata wakaja na kazi nyingine kabisa.

Nuru ya Asubuhi

Nakubaliana na Mkongwe. Ningeongeza tu kwamba tathmini isichanganywe na mashindano ya klabu. Mwamuzi wa mashindano hutazama picha kwa sekunde chache, akaipa alama, akaenda kwenye nyingine, na mwanachama mgeni hujikuta akipiga picha za kumpendeza mwamuzi.

Fremu ya 36

Nuru ya Asubuhi, mashindano yana faida moja ambayo ningependa isisahauliwe: yanakulazimisha kuchagua picha moja kati ya mia mbili na kuisafisha kwa ukubwa unaostahili kutundikwa. Kwa mengine yote tuko pamoja.

Taa Moja

Mkongwe amenifikirisha, na ninakiri kwamba hata warsha yangu ya balbu ilinifaa kwa sababu mwishoni tulitandaza picha zote mezani tukazilinganisha. Ndugu mwanzishaji, kabla hujachagua kikao chochote, ningekuomba uchapishe picha zako kumi za karibuni, uzitandaze sakafuni, uzitazame ukiwa umesimama, kisha uje utuambie umeona nini.

Mwanzishaji wa Mada

Ndugu zangu, nawashukuru kwa moyo wote. Nimefanya kama Taa Moja alivyoniagiza. Nilizitandaza jana jioni na kwa muda mrefu sikuona lolote, mpaka nilipokumbuka maneno ya Fremu ya 36 kuhusu upande wa pili wa barabara. Picha 8 kati ya 10 nimezipiga nikiwa nimesimama wima, kama hatua 6 kutoka kwa mtu, na katika zote 8 mtu huyo hajui kwamba nipo. Zile 2 zilizobaki ni za ndugu yangu wa damu. Kwa muda wote huu nilidhani kwamba nahitaji jicho jipya, kumbe naogopa kumsogelea mtu na kumsalimu.

Katika ratiba ya mwezi ujao kuna warsha ya picha za watu. Nimeuliza yale maswali matatu. Washiriki hawatazidi 8, kila mmoja atapanga mwanga wake mwenyewe, na baada ya wiki mbili tutakutana tena kutazama picha, huku wenye picha wakinyamaza. Hata hivyo, kabla ya warsha yenyewe kila mshiriki anatakiwa kuleta picha 3 za mtu ambaye hakumfahamu hapo awali, alizopiga kwa idhini yake na kwa umbali usiozidi hatua 2. Zilikuwa zimebaki nafasi 2. Nimechukua moja, na leo jioni nitatoka na lenzi ya milimita 50 peke yake, ambayo haivuti vya mbali.