"Guy" na "you guys": nimweleze vipi mwanafunzi wangu Mchina?

Mkaazi wa Kizingo ameuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu, na kwenu nyote habari za jioni. Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikimfundisha Kiingereza, jioni mbili kwa juma, bwana mmoja kutoka China anayesimamia bohari ya vipuri huko Changamwe. Sarufi anaiweza, pengine kunishinda mimi, kwa kuwa aliisoma kwao shuleni kwa miaka mingi. Kinachomsumbua ni maneno ya mazungumzo ambayo vitabu vyake havikuyagusa, na lililotukwamisha majuma mawili haya ni "guy".

Mteja mmoja alimwandikia kwenye simu: "You guys are late again." Akafungua kamusi yake, ikampa neno la Kichina jiahuo, ambalo kwa maelezo yake maana yake ya kawaida ni chombo au kifaa cha kazi, na likitumiwa kwa mtu huwa na utani au dharau ndani yake. Alishinda kutwa amekunja uso akiamini kwamba yeye na vijana wake wameitwa vyombo. Nikamtuliza, nikamwambia kwamba si tusi, ni sawa na "jamaa" letu la Kiswahili, ambalo analijua kwa kulisikia kila siku. Kesho yake akamtaja mhasibu wao, mama wa makamo mwenye heshima zake, kwa "that guy", ofisi nzima ikaangua kicheko. Na haikupita siku mbili akaanza barua kwa mwenye jengo na nduguze, wazee watupu, kwa "Hi guys". Sasa anataka nimpe kanuni, nami sina. Je, "jamaa" langu ndilo lililompoteza?

Mwalimu wa Likoni amejibu:

Wa alaykum salaam, kaka. Ndiyo, limempoteza, ingawa kosa si kubwa. "Jamaa" kwetu halibagui, kwa maana jamaa zangu ni pamoja na shangazi na binamu wa kike, ilhali "guy" la umoja kwa Mwingereza ni mwanamume. "A guy came", basi aliyekuja ni mwanamume, na ndiyo maana watu walicheka mama alipoitwa hivyo.

Lakini "you guys" ni habari nyingine kabisa, nami ningeifundisha siku tofauti, kana kwamba ni neno lisilohusiana na lile la kwanza. Zamani Kiingereza kilikuwa na "thou" kwa mtu mmoja na "ye" au "you" kwa wengi. "Thou" likafifia katika karne ya 17, "you" likabaki peke yake kubeba mzigo wote, na tangu hapo wasemaji wamekuwa wakitafuta kiraka cha kuziba pengo. Kusini mwa Marekani wanasema "y'all", Ireland utasikia "yous", na wengine wengi wakachukua "you guys". Sasa tazama bahati yako: Kichina hakina pengo hilo, na Kiswahili hakina. Sisi tuna wewe na nyinyi, wao wana ni na nimen. Kwa hiyo mwambie kwamba "you guys" ni nimen, na aliyemwandikia alisema tu "nyinyi mmechelewa tena", lawama ya kawaida ya mteja. Hapo wanawake kwa wanaume wote wamo. Na "guys" likisimama peke yake mwanzoni mwa sentensi, kama mtu anayeita kundi, ni "jamani" letu, au dajia kwake.

Kuhusu mhasibu, usimlaumu sana. Katika kusema, Kichina hutumia ta kwa mwanamume na kwa mwanamke. Tofauti huonekana katika maandishi tu, na hata herufi ya kumwandikia mwanamke ilienea baada ya Liu Bannong, mshairi na mwanaisimu wa Kichina, kuipigia debe karibu mwaka 1920. Sikio lake halikulelewa kutenganisha "he" na "she", kama yetu yaliyolelewa kwa "yeye". Nina wanafunzi waliozaliwa hapa hapa Likoni ambao hadi leo humwita mama yao "he" wakiongea kwa haraka.

Mstaafu wa Kilindini amejibu:

Mwalimu amesema vyema. Mimi naongeza asili yake, kwa sababu mtu mzima hulikumbuka neno akishajua lilikotoka. Guy lilikuwa jina la mtu, Guy Fawkes, aliyekamatwa usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1605 chini ya jengo la Bunge jijini London akilinda mapipa 36 ya baruti, katika njama ya kumlipua Mfalme James wa Kwanza pamoja na wabunge wake. Waingereza wakafanya siku hiyo kuwa sikukuu ya mioto, na watoto wakawa wanatengeneza sanamu la matambara, wanalipitisha mitaani wakiomba senti, kisha linachomwa. Sanamu hilo likaitwa "guy". Katika karne ya 19 mtu aliyevaa vituko akaitwa vivyo hivyo, na neno lilipofika Marekani likapoteza kejeli yake, likawa mwanamume yeyote. Kwa hiyo mwanafunzi wako alipohisi dharau hakukosea sana. Amechelewa miaka mia na zaidi tu.

Na kwa kuwa yuko kwenye bohari, mtahadharishe juu ya "guy" nyingine. Enzi zetu bandarini, meli zilizokuja na winchi zake zenyewe zilikuwa na kamba za kuuzuia mkono wa winchi usiyumbe wakati wa kupakua, na kamba hizo zinaitwa "guy". Hata waya unaoshikilia mnara wa simu huitwa hivyo. Asili yake ni nyingine, haina uhusiano na bwana wa baruti.

Bi Mfasiri wa Mji wa Kale amejibu:

Shukran, mzee wangu, kwa hiyo ya baruti. Kwako Mwalimu, nakubali kwamba "you guys" ni nimen, ila sikubali kwamba jambo limeishia hapo. Wapo wanawake wasiopenda kuingizwa katika "guys", na ziko ofisi za Marekani zinazopendelea "everyone" au "folks". Hata hivyo kwa mtu anayefanya kazi Mombasa mimi naona hilo ni dogo. Kubwa ni umri. Barua ile kwa wazee haikuwa na kosa la sarufi hata moja, lakini ni sawa na kijana kuingia barazani penye wazee akasema "mambo vipi" mahali pa shikamoo.

Kanuni anayoitaka anayo tayari katika lugha yake. Wachina wakihutubia watu kwa adabu husema gewei, ambalo ni kama sisi kusema "waheshimiwa". Basi ajiulize kabla ya kuandika: watu hawa, kwa Kichina, ningewaita nimen tu au ningewaita gewei? Wakiwa wa gewei, "guys" asilitie. Kwa barua ile angewataja wazee kwa majina yao, kila mmoja na "Mr" yake, hata kama orodha ingekuwa ndefu.

Mkaazi wa Kizingo amerudi:

Nawashukuru nyote, na Bi Mfasiri zaidi, kwa maana swali lake la gewei mwanafunzi wangu alilielewa kabla sijalimaliza. Tumekaa jana baada ya Isha, nikamsomea majibu yenu moja baada ya jingine. Ya Guy Fawkes yalimfurahisha, ile ya nimen akaiandika katika daftari lake, na barua kwa mwenye jengo ameirudia upya kwa majina.

Tulipofika kwenye kamba za mstaafu alinyamaza, akatoa simu na kunionyesha picha ya rafu moja ya bohari yake. Pana mabunda ya waya ambayo kwenye orodha ya mzigo yameandikwa "guy wire", naye kwa muda wote huo alikuwa ameyawekea kibandiko cha Kichina kinachosema waya wa yule bwana, na kila mwezi akisubiri yule bwana aje kuuchukua.