Raba za mtumba kwa mwajiriwa: nifungue belo au nichague pea moja moja?

Mkazi_wa_Tabata aliuliza:

Habari wakuu. Nimeajiriwa hapa Dar, natoka kazini saa 11 jioni, Jumamosi ndiyo niko huru. Nina mtaji wa 300,000 na nataka kuuza raba za mtumba kwa simu tu, sina fremu (chumba cha duka) wala mpango wa kupanga fremu. Wengine wananiambia nitafute mtu tununue belo (robota zima la mtumba lililofungwa) nusu kwa nusu, wengine wanasema nichague. Kinachonitisha zaidi ni muda: kwenda sokoni, kufua, kupiga picha, kujibu "bei gani" mara mia, kupeleka mzigo. Wanaoijua hii kazi nielekezeni, hasa mahali ambapo muda na hela vinapotelea.

---

SoliMbili alijibu:

Mkuu, belo liache kwanza. Si kwamba halilipi. Halimlipi mtu wa Jumamosi moja. Belo la kilo 25 likiwa la raba za watu wazima hutoa kama pea 28 hadi 40, kwa sababu pea moja ina gramu 600 hadi 900. Humo ndani hukuchagua saizi, rangi wala hali. Zitakuwemo kali chache, za kati nyingi, na zilizochoka ambazo zitataka kufuliwa na kupigwa picha sawasawa na zile kali. Mwenye meza sokoni anazimwaga chini zilizochoka, anapiga kelele bei moja, wapita njia wanazibeba. Wewe wa simu huna wapita njia. Zitalala chumbani kwako na hela yako ikiwa ndani yake. Na hiyo nusu kwa nusu ndiyo mbaya zaidi: siku ya kufungua mtagombania zile zile kali chache.

Chagua. Pea moja utainunua ghali kuliko aliyefungua belo, sawa, ila kila uliyobeba inauzika.

Kwa Ilala pale Karume, wahi asubuhi mabelo yanapofunguliwa. Lakini usizunguke soko zima, huko ndiko saa zinakoishia. Chukua namba za wauzaji watatu wa viatu, Ijumaa jioni waulize kesho wanafungua mzigo gani, Jumamosi nenda kwa hao tu. Usipatane pea moja moja. Tenga sita kwa mtu mmoja, halafu patana zote kwa mkupuo. Hapo ndipo bei inashuka kweli, maana muuzaji anaona hela ya jumla.

Jambo moja ambalo wengi hawalipigii hesabu: faida ya pea haikwambii kitu mpaka uigawe kwa muda. Mfano: umenunua 18,000, kamba mpya 1,000, sabuni 700, fundi kashona soli 3,000, nauli yako ukiigawa kwa mzigo wote 1,000. Jumla 23,700. Ukiuza 32,000 umepata 8,300. Kama pea hiyo imekula dakika 40 kwa jumla, saa yako ni kama 12,000. Ikikula saa mbili kwa sababu uliifua peke yake na ukaipeleka mwenyewe hadi Mbagala, saa yako imeshuka hadi 4,150, na kiatu ni kile kile.

---

FundiKibanda alijibu:

Naongezea upande wa ukaguzi, maana hapo ndipo mtaji unapokufa kimya kimya. Pea moja isizidi dakika moja mkononi, kwa mpangilio huu.

Kwanza soma namba kwenye lebo ya ulimi, kiatu cha kulia NA cha kushoto. Pea zinafungwa haraka, utakuta 42 na 43 zimefungwa kamba moja. Pili, bonyeza sponji ya soli kwa ukucha, pembeni karibu na kisigino. Sponji ya PU (polyurethane, aina ya plastiki yenye povu) huliwa na unyevu wa hewa taratibu, hata kiatu kikikaa kwenye boksi bila kuvaliwa. Nje kinaonekana kipya, ila ndani kimekuwa kama mkate mkavu, na mteja akikivaa soli inabaki barabarani. Ukucha ukiacha alama isiyorudi, au sponji ikinata au ikimomonyoka, rudisha hata kama ni jina kubwa na bei ya bure. Hakuna gundi inayookoa hiyo: gundi itashika unga, haitashika soli. Sponji ya EVA, ile nyepesi ya viatu vingi vya kukimbilia, haimomonyoki namna hiyo. Yenyewe hubonyea tu na kujikunja.

Tatu, kunja kiatu uone kama soli inaachia pale kidole gumba kinapokunjia. Kuachia kidogo si tatizo, hiyo ni kazi ya elfu chache. Nne, ingiza kidole nyuma ndani, kwenye kisigino. Kitambaa kikichanika hapo, kuna plastiki itakayomchuna mteja, na hata ukiikarabati haipendezi machoni.

Kufua: fanya kumi kwa mpigo, kamwe si kimoja. Toa kamba na soli za ndani, ziloweke kwenye ndoo. Kiatu chenyewe USIKILOWEKE. Piga brashi kavu kwanza kutoa vumbi, halafu brashi yenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ufute kwa kitambaa. Kiatu kilicholowekwa kinakaa siku mbili hakijakauka ndani, na harufu inazaliwa upya. Jiki kwenye raba nyeupe ni kosa kubwa, kitambaa kinageuka njano na nyuzi zinadhoofika. Anika kivulini penye upepo; jua kali linalegeza gundi. Zile nyeupe zifunike kwa tishu nyeupe zikiwa bado na unyevu: maji machafu yanatoka kupitia tishu badala ya kuacha mistari ya kahawia juu ya kiatu. Ndani jaza karatasi, ila gazeti liweke mbali na kiatu cheupe, wino wake unahamia.

Harufu: kijiko cha chakula cha baking soda kila kiatu, kilale usiku kucha, asubuhi ukung'ute. Viatu vya ngozi yenye manyoya laini visiguswe na maji kabisa, brashi kavu tu.

Kubandika: wengi wanapaka gundi na kubana hapo hapo, ndiyo maana inaachia ndani ya wiki. Kwangua gundi ya zamani, piga msasa pande zote mbili, paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka ukigusa hainati kidoleni, ndipo ubane kwa nguvu. Kama ni soli ya mpira mzito, mpe fundi aishone kabisa.

---

Winga_Msimbazi alijibu:

Mnamchosha bure. Ana simu na hana muda, awe winga tu wa viatu vipya Kariakoo. Unapatana na duka wakupe bei ya winga, unapiga picha, unaweka cha juu chako (faida yako juu ya bei ya duka), mteja akilipa ndipo unachukua mzigo. Mtaji wako unabaki mfukoni, hakuna kufua.

Ila ina mitego yake. Picha ya asubuhi si mzigo wa jioni: kabla ya kupokea hela ya mteja piga simu dukani, kiatu hicho, rangi hiyo, saizi hiyo, kipo? Bei nayo waulize upya, inabadilika mzigo mpya ukiingia. Usipige picha yenye bango la duka au karatasi ya risiti nyuma, mteja atampigia mwenye duka moja kwa moja. Na chukua hela yote au angalau inayofikia bei ya duka, vinginevyo wewe ndiye unayemkopesha mteja.

---

SoliMbili alijibu:

@Winga_Msimbazi sawa, lakini kwenye viatu vipya mko mawinga wengi mnaoweka picha ile ile, mteja anazunguka kulinganisha mpaka cha juu kinabaki 2,000. Mtumba ni pea moja tu, hana wa kukulinganisha naye. Kwa mwajiriwa asiyeweza kukimbilia Kariakoo saa 6 mchana kuchukua mzigo, mimi nabaki na mtumba.

---

BintiKongowea alijibu:

Nawasalimu kutoka Mombasa. Kwa upande wa kuuza, ndugu yangu, muda mwingi unaliwa na maswali, si na usafiri. Dawa ni kuyajibu kabla hayajaulizwa.

Saizi usiandike 42 peke yake, kwa sababu 42 ya kampuni moja si ya nyingine. Toa soli ya ndani, pima kwa tepu kutoka kisigino hadi ncha, andika sentimita. Mteja mwambie asimame juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, apime hadi kidole kirefu. Mguu uwe mfupi kuliko soli ya ndani kwa kama sentimita moja. Hii peke yake inapunguza sana viatu vya kurudishwa.

Picha ziwe sita, mpangilio ule ule kila pea: ubavu, juu, soli, nyuma, lebo, na kasoro. Kasoro ionyeshe karibu kabisa; ukiificha itarudi na boda wa kwenda na kurudi utamlipa wewe. Piga zote siku moja karibu na dirisha asubuhi, bila mwanga wa taa.

Tumia WhatsApp ya biashara, ni ya bure. Ina sehemu ya majibu ya haraka: unahifadhi maandishi ya bei, vipimo, siku za kupeleka na namba ya kulipia, kisha unayaita kwa alama ya mkwaju (/) na neno fupi. Na kumbuka, status haimfikii mteja ambaye hakuhifadhi namba yako. Kila anayenunua mwombe aihifadhi hapo hapo.

Siku za kupeleka ziwe mbili, tuseme Jumatano na Jumamosi, na boda alipe mteja. Hela ikiingia angalia salio, usiamini ujumbe. Ujumbe wa uongo unaandikwa vizuri kuliko wa kampuni.

---

Mkazi_wa_Tabata aliuliza tena:

Asanteni sana. Kwa hiyo 300,000 yote niingize kwenye viatu? Na pea isiyotoka niishikilie mpaka lini?

---

SoliMbili alijibu:

Hapana, usiingize yote. Pea 12 kwa wastani wa 18,000 ni 216,000. Brashi mbili, gundi, tepu, kamba za akiba na mifuko, weka 30,000. Inayobaki 54,000 ni ya fundi, nauli, na kumrudishia hela mteja mmoja au wawili bila kutikisika. Kwa kuanzia chukua zaidi 41 hadi 43 za kiume na 38 hadi 40 za kike. Saizi 46 utaipata kwa bei tamu kwa sababu hata muuzaji imemlalia, nawe itakulalia vile vile.

Pea ikimaliza wiki tatu, piga picha upya na ushushe 4,000. Wiki ya tano iuze kwa bei uliyonunulia. Hiyo 18,000 ikirudi Ijumaa, Jumamosi inabeba pea nyingine.

---

FundiKibanda alijibu:

Na hiyo ya wiki tano, kabla hujaishusha bonyeza tena soli. Stoo ya joto na unyevu wa Dar inamaliza sponji ya PU haraka, usije ukamuuzia mtu kiatu ambacho kilikuwa kizima siku ulipokinunua.