Kurasa za "habari za Kigoma": mtu hajafika hata Kibirizi, anatuzamishia ndugu zetu

Wakuu, nina hasira na siifichi.

Wiki iliyopita ukurasa mmoja wenye wafuasi wengi hapa mkoani ulipandisha video ya boti ikilala ubavu, watu wanamwagika majini. Juu yake herufi kubwa: HABARI ZA HIVI PUNDE, BOTI YAZAMA ZIWA TANGANYIKA IKIELEKEA KAGUNGA. Basi. Jina la boti hakuna, saa hakuna, hakuna hata mtu mmoja aliyeulizwa. Mdogo wangu alikuwa amepanda boti ya Kagunga asubuhi hiyo hiyo, na huko mwambao wa kaskazini mtandao ni wa kubahatisha. Mama anapiga, hapatikani. Mpaka saa tisa majirani wa Ujiji walishaanza kuingia ndani na kukaa mikekani. Jioni kijana akapiga mwenyewe: amefika tangu mchana, anashusha mzigo.

Ile video ni ya Ziwa Kivu! Ni boti iliyozama Oktoba 2024 karibu na bandari ya Kituku, Goma, huko Kongo. Ilisambaa kila mahali wakati ule. Na kama mpandishaji hakuikumbuka, kutoka Mwanga, hapa Kigoma mjini, hadi Kibirizi zinakotokea boti za Kagunga ni mwendo mfupi tu wa bodaboda. Pale mwaloni angemuuliza yeyote, mbeba mizigo, mama wa dagaa, mkata tiketi, angeambiwa boti gani imetoka na imefika wapi.

Lakini kilichonichoma zaidi ni kilichofuata. Kurasa nyingine zikanakili neno kwa neno, mwisho zinaandika "chanzo: mitandaoni". Halafu chombo cha habari chenye jina, chenye mhariri anayelipwa mshahara, nacho kikaibeba kwenye akaunti yake, kimetanguliza tu "inadaiwa". Inadaiwa na nani? Mhariri kazi yake ni kumpigia mtu wake wa Kigoma kabla ya kubonyeza. Hakupiga, na mimi naamini hana tena mtu wa kumpigia.

Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipofurika Kagunga, kipindupindu kikaingia na MV Liemba ikawa inawaleta mjini, waandishi walifika kwenye tukio. Waliona, waliuliza, wakaandika majina na idadi. Leo waandishi wa kujitegemea wa mikoani wanalipwa kwa habari iliyotoka, nauli ya boti ni juu yao, na ikichapishwa tayari kuna mtu ameshainyofoa na kuiweka kwenye ukurasa wake bure. Matangazo yaliyokuwa yakilisha magazeti yamehamia Facebook na YouTube. Kwa hesabu hiyo nani atapanda boti kwenda Kagunga kuuliza? Anabaki mwenye bando na haraka.

Sisemi turudi kusubiri gazeti la Dar lifike na treni limeshapitwa na wakati. Simu imetusaidia sana, mwananchi akirekodi daraja limekatika, viongozi wanaliona siku hiyo hiyo. Ila yule mwananchi alikuwepo. Alisimama pale darajani. Huyu wa boti hakuwepo popote.

Na msiniambie sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, kanuni za maudhui ya mtandaoni zikaja 2018 na leseni zake. Leseni haimpigii simu nahodha. Wala sitaki kijana wa watu afungwe, kwa sababu sheria hizo hizo zinaweza kumgeukia mwandishi aliyesema kweli.

Ninachotaka ni kidogo. Ukurasa ule uandike kwamba habari haikuwa kweli, kwa herufi zile zile kubwa, na uyaache juu maandishi hayo kwa muda ule ule uliotutoa machozi. Mhariri naye aeleze alimuuliza nani. Walichofanya wote wawili ni kufuta kimya kimya. Nilipoandika kwenye maoni kwamba boti imefika salama, nikazuiwa, na watu wengi waliosambaza kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka sasa wanaamini kuna maiti ziwani.

Picha za skrini ninazo zote, na saa zinaonekana. Admini wa ukurasa huo najua unapita humu. Jitokeze ujibu, la sivyo naziweka.