Diwani wa Florida akitunga kanuni ya bunduki analipa mfukoni mwake, mbunge haguswi. Huu ni uonevu!

Wakuu, hili jambo limenikaa kooni, leo nalitoa.

Kila watu wakiuawa kwa risasi huku Marekani lazima mtu aulize: hawa watunga sheria hawashtakiwi? Jibu ni hapana. Katiba yao, Ibara ya 1, inamkinga mbunge kwa anachosema na anachopigia kura bungeni, na wabunge wa majimbo nao wana kinga yao. Hata kwetu Tanzania, Ibara ya 100 inalinda uhuru huo huo. Mbunge akila rushwa anafungwa, lakini kwa kura yake humfikishi popote. Hilo nalikubali kabisa, maana bila kinga hiyo kila mwenye fedha angewaburuza mahakamani mpaka waogope kufumbua mdomo.

Sasa njooni Florida ninakoishi.

Tangu 1987 Bunge la jimbo limejitwalia sheria zote za bunduki, miji na kaunti marufuku kugusa. Haikuwatosha. Mwaka 2011 wakaongeza adhabu: meya au diwani akipitisha kwa makusudi kanuni yoyote ya bunduki, faini hadi dola 5,000, yeye binafsi. Gavana naye akapewa ruhusa ya kumng'oa kwenye kiti. Wakili anajitafutia, fedha za umma haziruhusiwi kumtetea. Yaani watu wenye kinga kamili ndio walioketi wakatunga sheria ya kumwadhibu mwenzao mdogo kwa kutunga sheria!

Na msidhani ni vitisho vya kwenye makaratasi. Mwaka 2014 mji wa Tallahassee, meya na madiwani wake walishtakiwa. Kosa lao? Hawakufuta sheria ndogo za zamani zilizokataza kufyatua bunduki kwenye bustani za umma, sheria ambazo hata hazikuwa zikitekelezwa. Mpaka 2017 ndipo mahakama ya rufaa ikamaliza kesi, wakashinda. Miaka yote hiyo roho juu, eti kwa sababu mji uliwahi kusema msipige risasi bustanini.

Februari 14, 2018 watu 17 wakauawa shuleni Parkland. Jimbo lilipandisha umri wa kununua bunduki hadi miaka 21, sina ubishi, ilikuwa hatua nzuri. Lakini miji iliyotaka kuongeza la kwake ilijikuta imefungwa mikono. Weston na miji mingine ikaenda mahakamani kupinga adhabu hizo. Mwaka 2019 jaji wa Kaunti ya Leon akawapa ushindi, 2021 rufaa ikaugeuza, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Florida ikamaliza: faini inabaki, kinga ya kutunga sheria haimlindi diwani mbele ya Bunge la jimbo.

Matunda yake nimeyaona kwa macho yangu. Wazazi tulipeleka ombi kwenye baraza la mji wetu: bunduki zisiingie kwenye uwanja wanaochezea watoto. Diwani wetu, mama mtu mzima, alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mwanasheria wa mji. Yule akatikisa kichwa tu. Mama akafunga faili lake, akatuambia, "Nawaelewa jamani, lakini hoja hii hata kuijadili naogopa." Mtu tuliyempigia kura! Hajakataa ombi letu kwa kuwa ni baya, amekataa kwa kuwa kaogopa kufilisiwa.

Kama kanuni ya mji inakiuka sheria ya jimbo, mahakama iifute, basi. Ndivyo inavyofanyika kwa mambo mengi. Kwa nini kwenye bunduki umfuate mtu hadi mfukoni?

Ninachotaka ni adhabu hizo zifutwe zote kwenye kifungu cha 790.33 cha sheria za Florida, ndicho chenye adhabu hizi. Mlioko Tampa, Orlando na Jacksonville wenye haki ya kura, mpigieni simu mbunge na seneta wenu wa jimbo, mumuulize jina kwa jina kama yeye angekubali kutozwa dola 5,000 kwa kila kura yake. Na wanasheria wa humu jukwaani msipite kimya: kuna njia gani imebaki ya kulipeleka hili mahakama za shirikisho?