Binti wa miaka 17 kapata kazi baa ya Raskazone, Tanga, "hatashika bia". Sheria inasemaje?

Mama Samaki, Makorora

Habari za jioni ndugu zangu. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba mwenye kujua anijuze kabla ya Jumatatu.

Nalea binti wa marehemu dada yangu. Kamaliza kidato cha nne mwaka jana, na miaka 18 ataitimiza baada ya miezi mitatu. Mimi nakaanga samaki. Mzigo nauchukua Deep Sea alfajiri, jioni nauza hapahapa mtaani. Kuna siku inalipa, kuna siku narudi na beseni nusu, na yeye anaona. Wiki iliyopita rafiki yake alimpeleka kwenye baa moja ya Raskazone, yenye jiko na bustani, wakamkubali. Mshahara 150,000 kwa mwezi na chakula cha usiku. Zamu inaanza saa kumi jioni hadi wateja waishe.

Nilimpigia meneja nikamwambia mtoto bado hajafikisha 18. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mama usihofu, hatashika bia. Ataosha glasi jikoni na kupeleka chipsi mezani. Akitimiza miaka ndipo tutamweka kaunta."

Sasa nauliza: asiposhika chupa inaruhusiwa kweli? Na hiyo miaka ni 18 au 21? Mtaani kila mtu ana lake. Tena naomba mnielewe, sikuja kuuliza halali na haramu. Hilo tumelizungumza nyumbani, tukalizungumza mpaka tukalia wote wawili. Nauliza sheria.

Kijana wa Mabawa

Mama, ni 21. Nimesoma mtandaoni, mhudumu wa pombe lazima awe na miaka 21. Msubirishe.

Baharia wa Zamani

Kijana, hiyo 21 umeisoma kwenye habari za Marekani. Kule tangu sheria yao ya 1984 kununua pombe ni miaka 21, lakini kuhudumia kila jimbo lina lake. Mimi nimeteremka Long Beach, California, nikahudumiwa na binti wa miaka 19. Alituletea vinywaji mezani pamoja na chakula, ila kusimama nyuma ya kaunta kuchanganya vileo alikuwa haruhusiwi mpaka afike 21. Hayo ni ya kwao. Kwetu mstari ni 18. Mama asihangaishwe na 21.

Dada wa Kaunta

Shikamoo mama. Nimeisoma habari yako nikiwa nafunga hesabu, nikaacha kalamu. Niruhusu niandike kwa urefu, maana huyo binti ndiye mimi wa mwaka 2009.

Kwanza jibu la swali lako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kazi nyepesi inaruhusiwa kuanzia miaka 14, na hapo ndipo mameneja wanapojifichia. Lakini sheria hiyohiyo ina orodha ya kazi hatarishi ambazo mtoto haruhusiwi kuzifanya. Humo kuna kwenda baharini, migodini, kubeba mizigo mizito, na imetajwa waziwazi kazi ya sehemu kama baa, hoteli na kumbi za starehe ambako mtoto anaweza kukutana na mambo yasiyo ya maadili. Angalia mama, wameandika sehemu, hawakuandika chupa. Anayeosha glasi yumo baa. Anayepeleka chipsi meza ya walevi saa sita usiku yumo baa zaidi ya mimi niliyesimama nyuma ya kaunta, kwa sababu mimi nina mbao mbele yangu na yeye hana kitu.

Kuna na la usiku. Kazi ya kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kwa mtoto ni marufuku, iwe baa iwe duka la vitenge. Zamu ya saa kumi jioni "hadi wateja waishe" inavunja sheria kila siku ya Mungu, hata kama angekuwa anauza maji ya kunywa.

Tena mwenye baa anatakiwa hata kumzuia mtoto asiingie, na asimuuzie. Kwa hiyo meneja akikwambia "atakaa jikoni tu", mjibu kwa upole uleule aliokujibu nao: hapana.

Mimi niliingia baa moja ya Ngamiani nikiwa na miaka 17, nikasema nina 19. Hakuna aliyeniomba cheti. Mshahara ulikuwa 60,000. Mwezi wa pili walikuja wanaume wanne, wakanywa tangu magharibi, bili ikafika 38,000. Nikaenda jikoni kuwafuatia nyama, niliporudi viti vitupu. Mwisho wa mwezi nikahesabiwa 22,000 mkononi. Bosi aliniambia, "Wateja walikuwa wako." Nililia nikiegemea kreti za chupa tupu. Na sikuwa na pa kwenda, kwa sababu nilikuwa nimedanganya umri na sikuwa na karatasi hata moja inayoonyesha nafanya kazi pale. Uongo niliousema mimi ndio aliokuwa ananishikia yeye.

Kwa hiyo mama, nataka uone kwamba miaka 18 ni mlango tu. Akishautimiza bado kuna vitu vya kumlinda, na vyote viko kwenye karatasi. Wasichana wengi wa baa za hapa Tanga wanasubiri 18, wakishaingia wanadhani yamekwisha. Hayajaisha.

Kitu kikubwa kuliko vyote kwenye kazi yetu ni shoti. Wasioijua ni hivi: usiku mkifunga, zinahesabiwa bia zilizotoka na pesa iliyoingia. Ikipungua, inasomwa kwa mhudumu. Mteja kakimbia bili, ni shoti yako. Glasi imevunjwa na mlevi, shoti yako. Mteja anasema katuma kwa lipa namba, ujumbe haujaingia, kaondoka, shoti yako. Nimeshuhudia mwenzangu anamaliza mwezi anadaiwa na bosi badala ya kulipwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu hivyo. Mwajiri hawezi kukata tu. Lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, aandikiwe ni kiasi gani na kimehesabiwaje, apewe nafasi ya kupinga, na mwenyewe akubali kwa maandishi. Hata akikubali, makato yasizidi robo ya mshahara. Kwa huyo binti wa 150,000 robo ni 37,500. Yangu ilikuwa 15,000 na nilikatwa 38,000. Hilo nilikuja kulijua miaka sita baadaye, pale mwenzetu alipopeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi, nami nikaenda kuwa shahidi. Nilikaa kwenye kile kiti nikisikiliza kifungu kinasomwa, nikaikumbuka ile 22,000 noti kwa noti.

Na saa. Akianza saa kumi jioni wakafunga saa nane usiku, ni saa kumi. Toa moja ya kula, tisa. Siku sita ni saa 54. Saa za kawaida kwa wiki ni 45, kwa hiyo tisa zinazobaki ni za ziada, na saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Juu yake kuna nyongeza isiyopungua asilimia 5 kwa kila saa ya usiku, kuanzia saa mbili. Sijawahi kuona baa ya mtaani inayoilipa hiyo bila kukumbushwa. Mkumbusheni. Na siku moja ya kupumzika kwa wiki ni haki yake.

Siku anapoanza apewe maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, wapi, saa ngapi, kiasi gani, na nakala abaki nayo yeye. Akiachishwa bila haki ana siku 30 za kupeleka shauri Tume. Kwa madai mengine, mshahara na makato yamo, siku 60. Asikae anasubiri huruma.

La mwisho halimo kwenye sheria niliyosoma mimi, ila limo kwenye miguu yangu: anarudije nyumbani? Raskazone hadi Makorora saa nane usiku si safari ya binti peke yake. Muulize meneja nani analipa bajaji. Mwajiri anayejali atakuwa na jibu kabla hujamaliza swali. Anayesema "wanajuana wenyewe" umeshamjua.

Siku hizi nasimamia kaunta ya hoteli moja mjini. Simpokei msichana bila kuona namba ya NIDA au cheti cha kuzaliwa kwa macho yangu. Jioni tunahesabu kreti wawili, tunasaini wawili. Wengine wananiona mgumu. Acha wanione.

Mwenye Grosari, Pongwe

Dada umesema mengi ya kweli, lakini nina swali langu. Mimi nina grosari ndogo ya bia mbele ya nyumba. Mwanangu wa miaka 15 akitoka shule ananisaidia kuingiza kreti kwenye friji na kurudisha chenji. Simlipi, ni mwanangu. Hapo nalo kosa?

Dada wa Kaunta

Kaka yangu, sijaona mahali sheria imeandika "isipokuwa mtoto wa mwenye baa". Kreti ya bia ni mzigo mzito kwa mtoto wa miaka 15, na pale anaporudisha chenji ndipo wateja wako wanapomzoea. Leo chenji, kesho wanamtuma sigara, keshokutwa wanamwonjesha. Nimekulia kwenye nyumba ya namna hiyo, nakuambia kwa mapenzi. Mpe kazi ya asubuhi ambayo mlango umefungwa na bia hazipo: maji, kuni, mbuzi. Kreti zipange wewe.

Mwenye Grosari, Pongwe

Nimekuelewa. Kuna kijana wa bodaboda hapa jirani, ana miaka 22, nitaongea naye awe anakuja jioni.

Kijana wa Mabawa

Baharia na Dada, nimejifunza. Mama nisamehe, nilitaka kukupoteza.

Mama Samaki, Makorora

Hukunipoteza mwanangu, ulitaka kunisaidia.

Ndugu zangu, nimewasoma wote, yale ya Dada nimeyasoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti huku binti amekaa karibu. Ilipofika ile habari ya viti vitupu akanishika mkono.

Leo mchana tumekwenda wote kwa meneja. Nilimwambia mwanangu haanzi Jumatatu. Akasema nafasi itachukuliwa na mwingine, nikamwambia sawa, ila huyo mwingine mwombe cheti. Kisha nikamuuliza habari ya bajaji. Akatazama simu yake. Nikaaga.

Nimemwambia binti asubiri hiyo miezi mitatu, na katika hiyo miezi anishikie hesabu za samaki, kwa sababu nimegundua sijui hata napata faida kiasi gani kwa beseni. Jana jioni ameniandikia kwenye daftari: changu, kibua, mafuta, mkaa. Kumbe mkaa unanila kuliko samaki wenyewe. Cheti chake cha kuzaliwa jina la baba limekosewa herufi, kwa hiyo Jumatatu badala ya Raskazone tunakwenda kulirekebisha, ili namba ya NIDA isije ikamkwamia siku akitaka kazi yoyote, iwe ya kaunta au ya kiwandani.

Hajakata tamaa na kazi ya hoteli, nawaambia ukweli. Anasema akifika 18 atarudi kuomba, lakini kwa karatasi. Anauliza, Dada, kama anaweza kuja hapo kwako Jumapili mchana, ana maswali mengi ya kaunta na ya hiyo shoti.

Dada wa Kaunta

Mwambie asije hapa kwangu, bado miezi mitatu. Jumapili sina zamu, nitakuja mimi Makorora baada ya adhuhuri. Niwekee changu wawili mama, na mwambie aweke daftari tayari, tutaanza na hesabu ya kreti.