Watafsiri wa picha za kideo: wezi, au ndo waliotufundisha sinema? Tujadili

mtoto_wa_tandika:
Wadau habari za leo. Jana jioni nilikuwa kinyozi, kwenye TV imewekwa picha ya Kikorea iliyotafsiriwa, DJ, yaani huyo mtafsiri anayesimulia kwa Kiswahili juu ya picha, anaunguruma humo ndani, kinyozi mwenyewe kasahau kunyoa, kasimama na mashine mkononi inalia. Binamu yangu niliyekuwa naye, siku hizi anafanya mambo ya kompyuta, akaanza kulalama: hawa jamaa wezi tu, wanachukua kazi ya mtu wanamwaga mdomo juu yake halafu wanauza, wangekamatwa wote. Tumebishana mpaka nyumbani hatujaelewana ndo maana nimeileta hapa. Hawa watafsiri wapigwe marufuku kabisa, au watambuliwe, wapewe leseni, walipe wanachotakiwa kulipa waendelee?

Mimi niko upande wa leseni. Mtanisamehe ni ndefu.

Mwaka 2000 nilikuwa darasa la nne, Tandika. Kaka yangu mkubwa, marehemu sasa, alikuwa anashika deki, mashine ya kuchezesha mikanda ya video, kwenye kibanda umiza, ukumbi wa video wa mtaani, cha mzee mmoja nyuma ya soko. Kibanda chenyewe mabati juu, pembeni magunia na turubai jeusi mwanga usiingie, mabenchi ya mbao ambayo ukikaa vibaya msumari unakula kaptula, mbele TV ya chogo imefungiwa ndani ya kasha la nondo. Nje kuna ubao wa chaki, jina la picha limeandikwa vile mwandishi anavyojua yeye, na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko jina la picha, TAFSIRI LUFUFU, jina la mtafsiri. Hiyo ndo iliyokuwa inajaza watu. Mtoto hamsini mkubwa mia. Mkanda ukianza kutoa chenga kaka anapiga kelele "tulieni", anafungua deki, anafuta hedi kwa pamba na spiriti, sisi tunasubiri gizani na harufu ya spiriti imechanganyika na jasho, hatoki mtu maana ukitoka nafasi imeliwa.

Sasa mama yetu Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Alikuwa anauza vitumbua, na picha alikuwa anaziita ujinga wa watoto wa kiume. Siku moja akamletea kaka chakula na ndoo yake ya vitumbua mkononi, akasimama mlangoni amsubiri amalize, ilikuwa picha ya ngumi ya Hong Kong. Akasimama mpaka mwisho. Vitumbua vikapoa. Kesho yake anakoroga unga anasema peke yake, "yule kijana angemsikiliza mwalimu wake mdogo wake asingekufa". Sijawahi kumsikia mama anaongelea picha kabla ya siku ile, na tangu hapo kila Jumapili jioni lazima amuulize kaka leo mnaweka ipi.

Nauliza tu, huko Hong Kong kuna mtu alishawahi kumfikiria mama muuza vitumbua wa Tandika akamtengenezea mkanda wa Kiswahili? Hakuna. Aliyemfikiria ni huyo mnayemwita mwizi.

Njiwa88:
Stelingi hafi mkuu 😂😂 Naunga mkono leseni. Umenikumbusha msumari wa benchi, mimi nina kovu kabisa.

mhariri_picha:
Pole kwa kaka, na kumbukumbu zako naziheshimu, na mimi nimekulia humohumo kwenye vibanda. Ila ngoja niongee kama mtu aliyeunguzwa.

Nimekata filamu za Bongo tangu 2008. Filamu moja unalipa waigizaji, unakodi kamera, unalisha watu siku kumi, nyumba ya kuchezea unaombaomba, halafu masta unaipeleka kwa msambazaji anakupa hela mara moja, unasaini haki zote zinahama, basi, akiuza nakala elfu au laki haikuhusu. Tukavumilia. Sasa pita barabarani uone CD yetu imepangwa na nini. Pembeni yake kuna DVD moja ina picha kumi za nje, zote zimetafsiriwa, bei chini ya ile yetu moja. 2017 wasanii waliandamana Kariakoo kupinga hizi za nje zinazouzwa kiholela, watu wakatucheka mtandao mzima eti tengenezeni kazi nzuri kwanza. Sawa, kuna kazi zetu mbovu, mimi mwenyewe nimekata mbili tatu ambazo sitaki mwanangu azione. Lakini ukishindana na mtu ambaye mali anaipata bure huwezi kushinda hata uwe bora vipi.

Na hiyo leseni unayoisema utaikata kwa nani? Sheria ya hakimiliki ya 1999 iko wazi, ruhusa ya kutafsiri anayo mwenye kazi. Ofisi ya Dar haiwezi kukupa kibali cha mali ya mtu wa Seoul, ni sawa na mjumbe wa mtaa wako akukodishie nyumba yangu.

Mwl_Kiswahili:
Mhariri hoja yako nzito ila naomba tusiidharau kazi yenyewe. Mwalimu Nyerere alitafsiri Shakespeare, Juliasi Kaizari ilitoka 1963 na Mabepari wa Venisi 1969, tukamsifu kwa kuonyesha kwamba Kiswahili kinabeba chochote. Huyu wa kibanda tunamwita mwizi kwa sababu hakuvaa miwani? Msikilize vizuri, hatafsiri sentensi kwa sentensi, anasimulia. Pale wahusika wamenyamaza yeye anakwambia huyu anawaza nini, anakuonya adui yuko nyuma ya mlango, anawapa wahusika majina ya kwetu, anatia na methali. Ndivyo bibi zetu walivyotoa hadithi, nawe unaitikia. Wanafunzi wangu wanaoandika insha za masimulizi vizuri, ukiwauliza wengi wanakwambia wanaangalia picha za ma-DJ.

mhariri_picha:
Mwalimu, Shakespeare amefariki 1616. Hana mtu anayemdai.

Mwl_Kiswahili:
Hapo umenishika 😅

Msee_wa_Githurai:
Salimieni jirani wa huku Kenya. Kwetu mfalme ni DJ Afro, hiyo haina mjadala. Tukiwa wadogo vidio shoo ilikuwa shilingi kumi, saa kumi na moja watu wa mjengo wanatoka kazini na simiti kwa viatu wanaingia kuketi nyuma, sisi watoto chini kwa sakafu mbele, na DJ akitupa neno kali wale wa nyuma wanagonga ukuta mpaka mwenye shoo anatisha kuzima. Kiswahili cha kupigana nilikijua kabla ya kile cha insha.

Lakini hebu niseme ile haisemwi. Mimi nilirudia darasa la saba juu ya hiyo vidio. Mamangu alikuwa anajua nimeenda tuisheni. Na picha zingine hazikuwa za watoto hata kidogo, hakuna mtu alituuliza miaka. Huku kuna bodi inapima filamu, inaweka alama za umri, GE ya watu wote, PG ya mtoto na mzazi, halafu 16, 18. Sasa niambieni, filamu ikishapewa 16 halafu DJ aingize matusi yake na vichekesho vya chumbani, hiyo bado ni 16? Nani amepima maneno ya DJ? Mimi nasema leseni sawa, lakini apimwe yeye pia, siyo picha peke yake.

Njiwa88:
Ukimpima DJ utamu unaisha kaka. Atasoma kama taarifa ya habari.

Bi_Malindi:
Nyie watoto mnazungumza kama senema imeanza na hivyo vibanda vyenu. Sie Unguja mjini tulikuwa na senema tatu, Empire, Majestic na Sultana, na hiyo Sultana baada ya Mapinduzi ikaitwa Cine Afrique, hapo Malindi kwetu. Picha za Kihindi khasa. Kulikuwa na onyesho la wanawake peke yao, tukenda na mabuibui yetu, mama na dada na mashoga zao, safu nzima nyumba moja. Kitambaa cha kufutia machozi unakichukua toka nyumbani, ukisahau utalilia ukaya wa buibui. Ukitoka hapo unakwenda kwa fundi kumuelezea gauni la yule mwanamke, mkono ulikuwa hivi, shingo hivi, na anakushonea.

Mtafsiri hakuwapo. Na tulifahamu kila kitu! Mama mkwe mwovu ni mama mkwe mwovu kwa lugha yoyote. Nyimbo tunaziimba mpaka leo wala maneno hatuyajui maana yake. Mie naona mtafsiri wenu anakuondosheleeni raha ya kukisia, anakutafunieni kila kitu. Majestic hapo Vuga nikipita naiangalia ilivyokuwa gofu, roho inaniuma kuliko hizo leseni zenu.

Ila niseme kweli, tulikuwa tukikaa karibu na binti mmoja wa Kihindi jirani yetu, pale pagumu alikuwa akitunong'oneza.

mtoto_wa_tandika:
Shikamoo bibi. Sasa bibi huyo binti wa kunong'ona si ndo DJ mwenyewe huyo 😂 tofauti yake hakuwa na maiki.

Bi_Malindi:
Marahaba. Alikuwa hatozi pesa, mwanangu. Hiyo ndiyo tofauti.

mtoto_wa_tandika:
Haya hapo nimekaa.

Mhariri nirudi kwako. Nimeisoma hoja yako ya kibali mara mbili na sina jibu la moja kwa moja, ni kweli mtu wa Dar hawezi kukukatia kibali cha mali ya Seoul. Lakini mbona wenye uwezo wamepata njia? Ile tamthilia ya Kichina ya mama wakwe ilionyeshwa TBC 2011 kwa Kiswahili, nyumba nzima tulikuwa tunakimbilia. Azam wanaleta za Kituruki zimeingizwa sauti za Kiswahili, kihalali kabisa. Kwa hiyo njia ipo, ila ni ya mwenye kampuni. Jamaa wa kibandani hata angetaka kulipa hajui abishe hodi mlango gani, na wenye hizo picha wala hawana habari na hela zake ndogo. Kwa nini hizo kampuni zenye haki zisiwachukue hawa ma-DJ, wawape mikataba, mtu achague mwenyewe, sauti ya kawaida au sauti ya DJ?

mhariri_picha:
Kwa sababu ile ni dabi. Mule kila mhusika ana mtu wake wa sauti, na hawaruhusiwi kuongeza lao. Mwenye tamthilia akisikia adui wake kaitwa jina la mgambo wa Temeke atavunja mkataba kesho asubuhi. Ila hiyo ya kuchagua sauti, kusema kweli sikuwahi kuiwaza. Mwenye kazi akikubali kwa maandishi sina ugomvi. Ningeanzia hapahapa: tukiwapa filamu zetu wenyewe za zamani, zile ambazo sauti iliharibika mpaka wahusika hawasikiki, DJ akazisimulia upya na mapato tukagawana, ningesaini hata leo. Ninazo tatu.

Msee_wa_Githurai:
Hiyo nitalipa nione.

Njiwa88:
Mtoa mada, ile mikanda ya kibanda cha kaka ilienda wapi?

mtoto_wa_tandika:
Mingi ilichukuliwa na mwenye kibanda. Iliyobaki miwili, iko chini ya kitanda cha mama. Kwenye mmoja kaka kaandika kwa peni ubavuni, RUDISHA NYUMA KABLA HUJATOA, kapigia mistari miwili maana kuna dogo alikuwa anamsaidia hasikii. Kama ndani kuna picha au kuna chenga tu sijui, deki tuliuza zamani.

mhariri_picha:
Mimi ninayo ofisini bado inazunguka. Niletee nikuhamishie kwenye flashi, sikutozi. Ila leseni bado sijakubali.